Pampu ya Kurudishia Maji Katika Matangi ya Samaki Hai



Chama cha wavuvi kinachohifadhi samaki wa mapambo, kama vile kitatange na kangaja, kabla hawajasafirishwa ng'ambo kwa ndege, hukabidhiwa mali ya wanachama ikiwa ndani ya maji. Maji hayo hushuka kutoka tangi la kioo hadi tangi la chini yanakochujwa, kisha pampu huyarudisha juu usiku na mchana. Kamati inayokwenda kununua pampu hiyo hushawishika kuuliza bei tu. Yafaa maswali mengine yatangulie.

La kwanza ni hili: umeme ukikatika, itakuwaje? Pampu ikisimama, bomba lililozama katika tangi la juu hufyonza maji na kuyateremsha. Tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50, kina kikipungua sentimita 5 tu, limekwisha kumwaga lita 30. Tangi la chini lisipokuwa na nafasi ya lita hizo, pamoja na maji yaliyomo mabombani, chumvi itafika sakafuni na kwenye soketi. Wapo wanaotumainia vali ya kuzuia maji yasirudi, lakini mwani na chumvi huikwamisha. Njia ya hakika zaidi ni kuuweka mdomo wa bomba karibu na uso wa maji, au kulitoboa kitundu chini kidogo ya uso huo, ili hewa iingie na kuukata mfyonzo. Kitundu nacho huziba, kisafishwe.

Halafu kuna mkono wa mwanachama. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na ganda la pampu likipasuka, aingizaye mkono hujiweka katika hatari ya kifo. Laini ya matangi iwe na swichi inayojikata umeme uvujapo kwa kiasi cha miliampea 30, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila mwezi. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yaanguke sakafuni. Pampu ya volti 24 ni salama zaidi, mradi kigeuza umeme chake kiwe mbali na maji. Hata hivyo, ichomolewe kabla ya mtu kuingiza mkono.

Shaba isiguse maji hayo kamwe, kwani huua kamba na matumbawe. Ekseli ya kauri haishiki kutu.

Tarakimu iliyoandikwa katika boksi hupimwa pampu isipopandisha maji. Isomwe ile ya kimo cha matangi ya chama.

Kabla hundi haijatiwa sahihi, pampu ifungwe, iwashwe, na katibu aizime mwenyewe. Tangi la chini lisipofurika, iwashwe tena, na kimo cha maji humo kitiwe mstari wa rangi. Mtu wa zamu asijaze kupita mstari huo, wala asiyaache yakauke, kwa maana pampu isiyo na maji huungua.