Hilali, Mawingu ya Kericho na Hewa ya Sayari za Mbali

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya tarawehe)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Wazee wangu, mama zetu, ndugu zangu vijana. Nimeombwa nizungumzie ninachokisoma chuoni, na swali la kwanza nalijua, maana hata nyumbani naulizwa: hewa ya sayari ambayo hatutaifika inatuhusu nini sisi watu wa majani chai?

Basi tuanzie hapa hapa. Kila mwisho wa Shaabani tunatoka nje kutafuta hilali, na mara nyingi tunachokiona Kericho ni wingu. Wanaochunguza nyota wana shida hiyo hiyo, tena kubwa zaidi, kwa sababu mvuke na kaboni dayoksaidi wanazozitafuta kule zimo pia katika hewa yetu. Ukitazama kutoka chini, utajuaje mvuke huu ni wa huko ama ni wa Kericho? Ndiyo maana darubini hupelekwa angani.

Na Kenya imo katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za nyota. Ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu yetu. Tena tarehe 25 Desemba 2021, darubini ya Webb iliporushwa kutoka Guyana ya Ufaransa, kituo cha Malindi kilikuwa miongoni mwa vilivyopokea mawasiliano yake ya mwanzo. Sasa iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na kioo chake kina upana wa mita 6.5.

Inafanyaje kazi? Chukua glasi ya chai ya rangi uiinue dirishani. Nuru inayokufikia si ile iliyoingia. Chai imekula baadhi ya rangi zake. Sayari nayo ikipita mbele ya nyota yake, nuru kidogo hupenya katika hewa iliyoizunguka, na kila gesi hula rangi zake. Kwa njia hii, Agosti 2022 ilitangazwa kuwa kuna kaboni dayoksaidi katika hewa ya sayari WASP-39b, iliyo mbali kiasi cha miaka ya nuru 700. Nuru ile ilianza safari karibu na zama za Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Subhanallah!

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Aprili 2025 watafiti wa Cambridge walisema wameona katika sayari K2-18b dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa zaidi na viumbe wadogo wa baharini. Wenyewe walisema bado haijathibitika. Wengine wakapima data ile ile wakaona ushahidi ni dhaifu. Lakini simu zetu zilishajaa: uhai umepatikana! Na wengine wakabandika na aya za Qur'ani chini yake.

Ndugu zangu, iko nyota iitwayo Fomalhaut. Mliosoma madrasa mtalitambua jina, ni Fam al-Hut, kinywa cha samaki. Mwaka 2008 ilitangazwa kuwa darubini ya Hubble imepiga picha ya sayari yake. Mwaka 2020 uchunguzi mpya ukaonyesha kuwa huenda ni wingu la vumbi tu, linalotawanyika. Je, aliyekuwa ameibandikia aya atasema nini? Aya haina kosa, lakini mtoto aliyeamini maneno yale atabaki na shaka ya bure.

Mtu akija na habari ya hilali tunamuuliza: umeuona wapi, saa ngapi, nani mwingine ameuona? Sura ya al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuchunguze habari. Hatujaambiwa tuiache amri hiyo habari ikitoka chuo kikubwa.

Kijana mmoja aliniuliza, je, uhai ukipatikana kweli, imani yetu itatikisika? Mimi nikamwambia asome ash-Shura, aya ya 29, inayotaja viumbe waliotawanywa mbinguni na ardhini, kisha aulize wanavyuoni.

Maswali ya darubini nitayajibu mimi. Ya tafsiri yana wenyewe, na ustadh yuko hapa mbele.

Wabillahi tawfiq.