Oili Inatoka Wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kalama kuhusu pikipiki kuukuu inayovuja

 

Nimeombwa niseme juu ya pikipiki. Zamani katika milima hii pikipiki ilikuwa ya mchungaji na ya afisa wa kilimo. Mwaka wa 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya 250cc, na tangu hapo zimejaa kila njia. Kikundi kinachanga pesa, kinanunua pikipiki ambayo mtu mwingine ameshaitumia, nayo ndiyo inabeba maembe hadi soko la Kola, inamfikisha mgonjwa Machakos, na jioni inaleta hesabu kwa mweka hazina.

Halafu asubuhi moja kijana anaona doa jeusi chini ya injini. Hapo ndipo pesa za kikundi huanza kupotea, na si oili inayozila. Ni haraka. Mtu anasema, badilisheni gasketi zote. Injini inafunguliwa chini ya mti, vumbi linaingia ndani, inafungwa tena, na wiki inayofuata doa liko pale pale. Kumbe ni washa ya bolti ya kumwagia oili, kitu kidogo kuliko kifungo cha koti. Kwa hiyo kununua spea ni kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza ni kujua oili inatoka wapi.

Hakikisha kwanza kwamba ni oili ya injini. Petroli utaijua kwa harufu. Oili ikionekana juu kwenye nguzo za shoki za mbele, hiyo ni sili ya shoki, haihusu injini. Anayewadanganya wengi ni cheni. Kijana akiipaka cheni oili nyingi, inarushwa pande zote, inakusanyika karibu na sproketi ya mbele, na fundi anaapa kwamba sili imekufa. Futa hapo, endesha siku mbili bila kuongeza oili kwenye cheni, halafu ndipo useme.

Sasa, namna ya kutafuta. Ngoja injini ipoe. Ioshe kwa brashi na sabuni ya unga, au mafuta ya taa kidogo, mpaka uone chuma. Usitumie petroli, tafadhali, na hasa si karibu na jiko la mtu. Ikauke kabisa. Pakaza unga wa ngano mkavu au poda ya mtoto kwenye maungio yote unayoyashuku. Washa injini, iache ingurume dakika chache, halafu zunguka kidogo nayo, si mbali. Rudi, uchutame na tochi.

Usiangalie pale inapodondokea. Oili huteremka, na pikipiki ikienda, upepo huisukuma nyuma. Doa la chini linaweza kuwa limeanzia kwenye vifuniko vya tapeti juu kabisa. Tafuta mahali pa juu zaidi na pa mbele zaidi ambapo unga umelowa. Hapo ndipo penyewe.

Ukipata ni bolti ya chini, badilisha washa yake, ile ya shaba au ya aluminiamu, kila unapomwaga oili. Usiikaze kwa hasira. Mwili wa injini ni aluminiamu na meno yake hukatika upesi. Meno yakikatika, kazi ya shilingi kidogo imekuwa kazi ya mwenye mashine ya kuchonga. Nimeona wanaume wenye nguvu wakiharibu injini kwa spana ndefu kuliko wanawake wanavyoiharibu kwa lolote.

Ikiwa ni upande wa kushoto, kwa pikipiki nyingi tulizo nazo hapa, shuku sili ya shafti ya sproketi au ya shafti ya gia. Hizo hutolewa na kuwekwa kutoka nje bila kupasua injini, ingawa baadhi zina kibati cha kuzishikilia. Safisha shafti, angalia kama imechongeka mfereji pale sili inapokaa, paka sili mpya oili, isukume iingie sawasawa bila kupinda. Ikiwa ni upande wa kulia, kifuniko cha klachi, hapo ni gasketi. Toa mabaki ya gasketi ya zamani polepole, si kwa patasi, maana mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya oili. Kaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana, huku na huku.

Nisema pia juu ya ile gundi ya silikoni. Watu wanaipenda kama jamu. Ile inayofinywa ndani ya injini hukatika vipande, vinaziba chujio ya oili, na sehemu za juu zinakauka. Gasketi nzuri mahali pasafi haihitaji gundi nyingi.

Lakini kuna ugonjwa mwingine, na huu ndio ningetaka makatibu wauandike. Umebadilisha sili, ikavuja. Umebadilisha tena, ikavuja tena. Acha kununua sili. Injini ina paipu ya kupumulia. Ikizibwa na matope au ikikunjika, hewa ya ndani haina pa kutokea, nayo husukuma oili popote penye udhaifu. Ichomoe uipulize. Ikiwa ni safi, pima oili. Pikipiki isimame wima mahali sawa, ungoje dakika kadhaa. Nyingi za 100 hadi 150cc huchukua karibu lita moja tu, na mtu aliyeona doa huongeza na kuongeza mpaka inafurika. Tena nusa kile kijiti cha kupimia. Kama oili imezidi bila kuongezwa na inanuka petroli, karbureta inapitisha. Usiiendeshe hiyo, tengeneza karbureta, kisha badilisha oili.

Na kama hayo yote ni sawa, lakini moshi unapumua kwa nguvu kwenye mdomo wa kujazia oili na ekzosi inatoa moshi wa samawati, ringi za pistoni zimekwisha. Hapo sili haina kosa. Kikundi kikae, kiamue kama kinafanya ovaholi au kinauza, na mnunuzi aambiwe ukweli.

Mnaotaka kununua ya mkono wa pili: muuzaji akikuonyesha injini inayong'aa na pikipiki imebaki na vumbi, jiulize kwa nini ameosha injini peke yake. Endesha nusu saa, kisha uchutame.

Doa dogo linaweza kungoja wiki, mradi oili ipimwe kila asubuhi. Lakini oili ikifika kwenye tairi la nyuma au breki, pikipiki hiyo isibebe mtu, hata kama ni siku ya soko. Miteremko yetu mnaijua, na anayeketi nyuma ni mtoto wa mtu. Vilevile ikipungua sana, injini hukwama ghafla.

Oili chafu isimwagwe mtoni. Kikundi cha Utooni, kule Kola, kilianza mwaka wa 1978, na kazi yake ya mabwawa ya mchanga imewafundisha wengi kwamba maji yetu yamelala ndani ya ule mchanga. Oili ukiimwaga juu yake inashuka mle mle tunamochota. Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko, uipeleke kwa gereji inayoikusanya.

Basi nimesema ya kutosha. Kuna pikipiki moja hapo nje ambayo imeshapoa, na mama mmoja ameleta unga. Vijana, tangulieni na brashi. Mweka hazina naye aje achutame, aone kabla hajaombwa pesa.