Mwanafunzi Aliyezikwa Subukia
Mazungumzo kuhusu maisha ya mzee Kimani Maruge



Ukitoka mjini Nakuru na kupanda hadi Subukia, unapita katika nchi ambayo zamani iliitwa ya Wazungu. Huko ndiko alikozikwa, katika shamba lake, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyefariki tarehe 14 Agosti 2009. Wengi wanamjua kama yule mzee wa Eldoret aliyeingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Wachache wanajua kwamba amelala katika udongo wa kaunti hii.

Maruge hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwenyewe aliamini kwamba alizaliwa mwaka wa 1920, na kwa hesabu hiyo aliishi karibu miaka 90. Maisha yake marefu yalipita ndani ya mambo mawili makubwa ya nchi hii: vita vya kudai ardhi na uhuru, halafu ile safari ndefu ya kumpeleka kila mtoto shuleni.

Vijana huenda hawajui hali ilivyokuwa hapa. Familia nyingi za Wakikuyu ziliishi kama maskwota katika mashamba ya walowezi, kuanzia Naivasha na Njoro hadi Elburgon, Molo na Subukia. Walilimia mzungu kwa ujira mdogo na ruhusa ya kulima kipande chao. Huko Olenguruone, katika miaka ya 1940, wakazi walikataa masharti ya serikali ya kikoloni, wakala kiapo cha umoja, na mwishowe wakafukuzwa, wengi wakipelekwa Yatta. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, makumi ya maelfu ya watu waliondolewa katika mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa Mkoa wa Kati. Tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua bunduki na kuwafungua waliokuwa wamezuiliwa.

Maruge alikuwa miongoni mwa waliopigana vita hivyo vya Mau Mau. Kitu kimoja husahaulika tunapozungumzia vita hivyo: vilifunga shule pia. Shule huru za Wakikuyu, ambazo wazazi walizijenga kwa michango yao wenyewe ili watoto wasome bila kutegemea misheni, zilifungwa na serikali ya kikoloni. Kizazi kizima kikabaki na alama ya dole gumba badala ya sahihi. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, wapiganaji wengi walikuwa watu wazima wenye watoto, na shule ilikuwa na karo. Anayechagua kati ya kujisomesha na kumsomesha mwanawe, jibu lake linajulikana.

Basi Januari 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ikafuta karo katika shule za msingi. Zaidi ya watoto milioni 1 waliokuwa nyumbani wakajaa madarasani mwaka huo. Walimu waliokuwa kazini wakati ule wanakumbuka: madawati hayakutosha, na watoto wengine waliketi sakafuni. Tangazo lilisema elimu ni bure kwa wote. Mzee Maruge alilichukua neno hilo "wote" jinsi lilivyo.

Tarehe 12 Januari 2004 akaandikishwa katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret. Alivaa sare kama wenzake: kaptura, soksi ndefu hadi magotini, na mkongojo mkononi. Mwalimu mkuu, Bi. Jane Obinchu, ndiye aliyempokea. Inafaa kusimama kidogo kwa mwalimu huyo. Darasa la kwanza lenye watoto wengi kupita kiasi ni kazi ngumu tayari. Kumweka humo babu wa miaka 84, mbele ya wazazi na maafisa wanaotazama, kulihitaji moyo. Vitabu vya rekodi za dunia vikamtaja mzee huyo kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuanza shule ya msingi. Wajukuu wake wawili walikuwa katika shule hiyo hiyo.

Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa. Alitaka kujisomea Biblia, aone kama yanayohubiriwa ndiyo yaliyoandikwa. Alitaka pia kujua hesabu, ili fidia ya wapiganaji ikilipwa siku moja, asipunjwe. Mwaka wa 2005 alichaguliwa kiranja mkuu. Septemba mwaka huo akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuhutubia mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure.

Halafu ikaja Desemba 2007. Wakazi wa Nakuru hawahitaji kukumbushwa. Uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho uligeuka makao ya waliofukuzwa. Kule Eldoret mali ya Maruge iliibwa, naye akaishia katika hema kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, kilomita 4 hivi kutoka shuleni. Mtu aliyepigania ardhi ujanani akalala hemani uzeeni, ndani ya nchi aliyoipigania. Aliwaza kuacha masomo. Hata hivyo, kutoka kambini aliendelea kwenda darasani kila siku.

Katikati ya mwaka wa 2008 alihamia makao ya wazee jijini Nairobi, na mwezi huo huo wa Juni akajiandikisha tena, darasa la sita, katika shule ya msingi ya Marura huko Kariobangi. Mei 2009 alibatizwa na kupewa jina la Stephen. Saratani ya tumbo ilikuwa imeshamkamata. Alifia katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Hakufika kufanya mtihani wa darasa la nane.

Filamu kuhusu maisha yake ilitoka mwaka wa 2010, Oliver Litondo akiigiza sehemu ya mzee. Ni filamu nzuri, ingawa filamu ni filamu, na anayetaka kumjua Maruge asiishie hapo.

Kuhusu fidia aliyojifunza hesabu ili aihesabu: kesi ya wapiganaji wa zamani iliwasilishwa katika Mahakama Kuu ya London mwezi Juni 2009, wiki chache tu kabla ya kifo chake. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Maruge alikuwa kaburini Subukia kwa karibu miaka minne.

Wapo wazee na akina mama katika kaunti hii ambao bado wanatia dole gumba kwenye hati za mashamba, na wanaosomewa ujumbe wa simu zao na wajukuu. Masomo ya watu wazima yapo, na mara nyingi huendeshwa alasiri, katika shule za msingi na makanisa. Mwenye mzee nyumbani anayetaka kuanza, amuulize chifu wa eneo lake au afike kwa afisa wa elimu ya watu wazima katika kaunti yake ndogo. Kaptura si lazima.