Moto wa Redio Quito
Msikilizaji, ukitajwa mchezo wa redio uliotia watu hofu, wengi humkumbuka Orson Welles na wavamizi wake kutoka Mirihi, Oktoba 30, 1938, nchini Marekani. Taharuki ile magazeti yaliitia chumvi. Mambo ya Quito, mji mkuu wa Ekuador, hayakuhitaji chumvi.

Jumamosi usiku, Februari 12, 1949, Redio Quito ilikatiza muziki na kutangaza kwamba maadui kutoka angani wametua Cotocollao, kaskazini mwa mji. Waigizaji wakaiga sauti za viongozi, hata ya waziri akihimiza utulivu. Watu wakamiminika barabarani. Kituo kilipokiri kuwa lile ni igizo, hofu ikageuka hasira: umati ukalichoma jengo la gazeti la El Comercio, ilimokuwa redio hiyo. Waliokufa hawakupungua sita.

Wapo wanaowacheka wasikilizaji wale. Mimi siwacheki. Mtu aliyezoea kuiamini taarifa ya habari angeishuku vipi sauti ya waziri? Lawama ni za waliovalisha mchezo joho la habari, tena kwa makusudi. Askari nao walichelewa kufika kwenye moto. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walikwisha kutumwa Cotocollao kuwakabili wavamizi.