Salfa ya Sufuria na Salfa ya Bahari

Msikilizaji, ukipita Malaba alfajiri, lori zikingoja kuvuka kwenda Uganda, utamkuta mama na sufuria yake ya mahindi ya kuchemsha. Akiinua maganda aliyofunikia, mvuke unapanda, na ile harufu inayomteremsha dereva kwenye lori inatokana kwa sehemu kubwa na gesi ya salfa iitwayo daimethili salfaidi.

Gesi hiyo hiyo hutoka baharini, kwenye ncha za dunia. Kule huelea planktoni, vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutengeneza kemikali yenye salfa ya kuvikinga na chumvi na baridi. Vikifa au vikiliwa, kemikali huvunjika na gesi hupanda hewani. Huko hugeuka asidi, kisha chembe ndogo mno. Na mvuke wa maji hauwi wingu hivi hivi, lazima upate cha kushikilia. Chembe hizo ndizo unazozishikilia.

Mwaka 1987 wanasayansi wanne, James Lovelock akiwa mmoja wao, walidai kwamba kwa njia hii planktoni husaidia kutuliza joto la dunia. Dai hilo limepingwa sana. Ila kwamba planktoni huchangia mawingu, ushahidi upo, na huonekana vizuri zaidi kwenye ncha kwa sababu hewa ya huko haina moshi mwingi. Jua likirudi na barafu ikiyeyuka, planktoni husitawi, na chembe za salfa huongezeka angani.

Hapa kwetu huwezi kuliona jambo kama hilo. Moshi wa injini umefunika kila kitu. Tumejitahidi, nakiri. Januari 2015 tuliweka sharti kwamba dizeli yetu isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Lakini makontena haya yanayopita mpakani, Malaba na Busia, yalifika Mombasa kwa meli, na mafuta ya meli, hata baada ya kupunguzwa salfa mwaka 2020 hadi nusu asilimia, bado yanaruhusiwa kuwa na salfa mara 100 ya kiwango hicho cha dizeli.

Sasa barafu ya Aktiki inapungua na meli zinaingia. Zikizoea njia hiyo, tutapoteza mojawapo ya sehemu chache zilizobaki za kujifunzia jinsi mawingu yalivyokuwa kabla ya injini. Kenya ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari, linaloweka kanuni za mafuta ya meli. Ningependa wajumbe wetu wadai mafuta safi zaidi kwa kila meli inayokwenda kule, na wadai kwa sauti, kwa sababu sisi wa mpakani tunaujua moshi huo kifuani.