Paa wa Karura na Wageni Wake

Malango ya Msitu wa Karura yanapofunguliwa alfajiri, wa kwanza kuingia huwa ni wakimbiaji. Nyuma yao hufuata waendesha baiskeli, kisha familia zilizobeba chakula cha mchana, kisha wenye mbwa. Kichakani, hatua chache tu kutoka njiani, amejibanza paa mdogo wa kilo tano hivi, ambaye bega lake halimfikii mtu mzima gotini. Wengi humpita wasijue kwamba yupo, na hilo ndilo ombi lake.

Karura ina zaidi ya hekta 1,000, kaskazini mwa Nairobi, kati ya mitaa ya kifahari ya Muthaiga, Runda na Gigiri. Imekuwa msitu wa serikali tangu 1932. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi kwa siri, waje kujenga majumba. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti langoni, Januari 8, 1999, walivamiwa na walinzi wa kukodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, na mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Msitu ulipona, ila watu waliuogopa. Ulikuwa maskani ya wezi, na mtu mwenye akili timamu hakuingia peke yake. Mambo yaligeuka kuanzia 2009, wakazi wa karibu walipounda chama cha Marafiki wa Karura na kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ua wa umeme ulijengwa, vijana wa mitaa jirani wakaajiriwa kuwa askari wa doria, na 2011 wananchi wakakaribishwa. Kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima aliingia kwa shilingi 100.

Wapo wanaotaka wageni wapunguzwe ili wanyama watulie, na hapa ndipo wanapokosea hesabu. Wakimbiaji wa alfajiri ndio waliomfukuza jambazi, mkata miti na mtega mitego, kwa kuwapo tu. Msitu wa mjini usio na watu hauachiwi wanyama. Huachiwa wenye matingatinga.

Lakini kuna namna na namna ya kuwapo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, upande wa pili wa jiji, mgeni hukaa garini kwa sababu kuna simba. Huku Karura, mgeni hana wa kumwogopa, na mtu asiye na wa kumwogopa husahau kwamba yeye mwenyewe anaogopwa. Paa, funo na pongo hutegemea kujificha. Mbwa aliyefunguliwa kamba, hata awe mpole kama kondoo, huwanusa na kuwatimua hadi kwenye ua wa umeme, ambako hakuna pa kukimbilia zaidi. Kanuni ya msitu ni kwamba mbwa afungwe kamba wakati wote. Wapo wanaoifuata mpaka kona ya kwanza. Nao waendesha baiskeli wametengewa njia zao. Kila njia ya mkato wanayojichongea hukifanya kichaka kimoja kuwa viwili.

Jambo lingine halionekani upesi. Enzi za ukoloni, sehemu kubwa ya Karura ilipandwa mikaratusi. Kivuli chake humpendeza mpita njia, ila mbega, ambaye hula majani, hapati riziki humo. Tangu 2014 zaidi ya mbega mia moja waliletwa Karura kutoka mashamba ya Nyandarua, walikokuwa wakigombana na wakulima. Ili wazidi kustawi, mikaratusi inakatwa polepole na miti ya asili kupandwa mahali pake. Mgeni anayekuta magogo yamelala njiani hukasirika, akidhani wezi wa mbao wamerudi. Angewekewa bango la kueleza, angeelewa.

Barabara ya Limuru nayo imekitenga kipande cha msitu kiitwacho Sigiria na msitu mkuu. Huko Diani, pwani ya Kenya, zimetundikwa ngazi za kamba juu ya lami, na mbega huvuka bila kugusa chini. Hakuna sababu ya Nairobi kutojaribu.

Haya yote yanataka fedha, na fedha zimeleta mvutano. Agosti 2025, KFS iliagiza ada za kuingia zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Marafiki wa Karura walipinga, na suala likafika mahakamani. Serikali ina haki ya kujua kila shilingi inakokwenda. Ila askari wa doria hawezi kungoja mshahara wake upite ofisi kadhaa, na waya wa umeme ukikatika usiku haungoji bajeti ya Juni. Vyovyote itakavyokuwa, anayelipa langoni angestahili kuonyeshwa palepale, kwenye ubao, ada za mwezi uliopita zilitumika kwa nini: mishahara kiasi gani, ua kiasi gani, miche mingapi.