Kona za Safari ya Kazi: Tuwafundishe Vijana Kubeba Walichojifunza



1. Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha nne anapojaza fomu ya Selform, mara nyingi hajatimiza miaka kumi na minane. Anachagua tahasusi, na nyumbani tahasusi hiyo husomwa kama hukumu: PCB ni daktari, PCM ni mhandisi, HGL ni mwanasheria. Tangu siku hiyo kila hatua yake hupimwa kwa swali moja: bado yumo njiani, au ametoka? Akitoka, jamaa husema ada imepotea bure na wazazi wameaibishwa. Kijana mwenyewe huamini hivyo, akaficha mabadiliko yake kana kwamba ni kosa.

Mada hii inatetea hoja moja. Kubadili kazi si hasara. Hasara ni kubadili kazi mikono mitupu, ukaacha kule ulikotoka ujuzi, watu na namna ya kuona mambo uliyoipata huko. Hatuna uwezo wa kumhakikishia kijana njia iliyonyooka, na tusijifanye kuwa nao. Tunachoweza ni kumfundisha kubeba. Nitaeleza hoja hii kwa maisha ya watu watatu wa Afrika Mashariki, kisha nitazungumzia gharama, na mwisho nitatoa mapendekezo.

2. Wangari Maathai: kutoka maabara hadi kitalu cha miche

Wengi wetu tunamfahamu Wangari Maathai kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa mtaalamu wa anatomia ya mifugo. Alisoma biolojia Marekani, akapata shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964 na ya uzamili Pittsburgh mwaka 1966. Aliporejea Kenya alitegemea kazi aliyokuwa ameahidiwa katika zoolojia, akakuta imepewa mtu mwingine. Mlango uliofunguka ulikuwa wa anatomia ya mifugo, chini ya profesa Mjerumani. Akaingia, akaenda kusoma Ujerumani, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo.

Utafiti wake juu ya kupe waenezao ndigana kali ulimpeleka vijijini. Huko aliona ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho na mito iliyobeba udongo mwekundu baada ya mvua. Wakati huohuo, katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alisikia wanawake wa mashambani wakilalamika kwamba kuni ni za shida, maji ni ya shida, na chakula bora hakipatikani. Mambo hayo mawili yalikutana kichwani mwa mtu mmoja. Mtafiti ambaye hakuwasikiliza wanawake wale angebaki na kupe wake. Mwanaharakati ambaye hakuwahi kutembea malishoni angebaki na malalamiko tu. Mwaka 1977 kazi ya Green Belt, vuguvugu lake la kupanda miti, ikaanza.

Tazameni pia namna ilivyoendeshwa. Wanawake walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi, si kwa kila mche uliopandwa. Mimi naona hapo mkono wa mwanasayansi aliyezoea kuhesabu matokeo. Maathai aliondoka maabara, lakini nidhamu ya maabara alikwenda nayo.

Wala safari haikuwa nyepesi. Mwaka 1982 alijiuzulu chuo kikuu ili agombee ubunge. Akaenguliwa kwenye uchaguzi, na chuo hakikumrudisha kazini. Miaka ishirini baadaye, katika uchaguzi wa mwaka 2002, aliingia bungeni kwa kiti cha Tetu. Anayesoma wasifu wake kwa haraka huona mstari. Yeye aliyeishi miaka ile aliona milango ikifungwa.

3. Shaaban Robert: kazi ya mchana na kazi ya moyo

Si kila safari ya kazi hupinda kwa kuacha hiki na kushika kile. Nyingine huenda na njia mbili sambamba. Shaaban Robert aliingia Idara ya Forodha akiwa karani mwaka 1926, akadumu humo hadi mwaka 1944. Akahamia Idara ya Wanyama, kisha ofisi ya serikali Tanga, kisha Idara ya Upimaji hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Ukitazama orodha hiyo peke yake, utasema ni karani aliyehamishwahamishwa. Lakini miaka hiyohiyo ndiyo iliyotupa *Maisha Yangu*, *Kusadikika*, *Adili na Nduguze* na tenzi zake.

Vijana wetu wengi huambiwa wachague: ama kipaji, ama mshahara. Shaaban Robert anatuonyesha uwezekano wa tatu. Ukarani ulimlisha, na tena ulimpa mambo ya kuandika. Mtu aliyeishi kati ya majalada, amri za wakubwa na mashauri ya wadogo ndiye aliyeandika *Kusadikika*, kitabu ambacho moyo wake ni kesi ya mtu anayeshtakiwa kwa kufikiri tofauti na watawala. Na katika *Utubora Mkulima* alimchora mtu anayeacha ukarani mjini akaenda kulima, wala mwandishi hamcheki kwa uamuzi huo. Anamheshimu. Fasihi yetu ilikwishalitafakari suala hili zamani, na ni vyema vitabu hivi vikasomwa pia katika vipindi vya ushauri, siyo tu kwa ajili ya mtihani.

4. Siti binti Saad: ujuzi usio na cheti

Mfano wa tatu unawahusu wale ambao shule haikuwafikia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba maskini. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akiviuza hadi mjini. Inasimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi ilisikika kutoka mbali, na watu wakaanza kuijua kabla hawajaijua sura yake. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa mtu mzima, akajifunza muziki kwa wenye ujuzi, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Wakati huo alikuwa anakaribia miaka hamsini.

Siti hakuwa na cheti, lakini hakuanza na mikono mitupu. Biashara ya vyungu ilimpa pumzi, ujasiri wa kusimama mbele ya watu asiowajua, na masikio ya kujua nini kinawagusa. Shaaban Robert mwenyewe aliona maisha haya yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Leo tunaye dada anayeuza chakula stendi, anayejua kupiga hesabu ya faida kichwani, kutunza wateja na kukopesha kwa busara. Tukimwambia kwamba hajui lolote kwa sababu alipata daraja sifuri, tunasema uongo.

5. Gharama tusizozificha

Washauri waadilifu husema pia upande mgumu. Kubadili kazi kuna bei, na bei hiyo hailipwi sawa na watu wote.

Kwanza ni pensheni. Mwanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii ya NSSF au PSSSF anahitaji michango ya angalau miezi 180, yaani miaka kumi na mitano, ili apate pensheni ya uzeeni. Anayetoka utumishi wa umma kwenda sekta binafsi anapaswa kuuliza jinsi vipindi vyake vitakavyojumlishwa, tena aulize kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Anayekwenda kujiajiri asiache kuchangia kwa hiari.

Pili ni ngazi. Mtumishi anayebadili kada anaweza kujikuta amewekwa chini ya vijana waliomkuta darasani. Hilo huumiza, na mtu aliyelitarajia hulivumilia vizuri zaidi.

Tatu ni familia. Mshahara wa mtoto wa kwanza mara nyingi ni ada ya wadogo zake na dawa za wazazi. Huyu hawezi kuambiwa "fuata moyo wako" halafu tukaondoka. Kwake yeye, mfano wa Shaaban Robert ni bora kuliko wa kuruka: ashike kazi inayolisha, na pembeni ajenge nyingine hadi iweze kusimama.

Nne ni wanawake. Wengi hukatisha kazi kwa kulea au kumfuata mwenzi aliyehamishwa. Wanaporudi huulizwa miaka ile walikuwa wapi, kana kwamba walikuwa wamelala. Kuendesha kaya, kuuguza na kusimamia kikoba ni ujuzi wenye thamani kazini.

6. Kupinda na kutangatanga

Je, kila badiliko ni jema? La. Kipo kipimo rahisi. Mtu aulizwe: kutoka kazi uliyoacha, nini kinakusaidia katika hii ya sasa? Mwenye jibu anasafiri, hata kama haijulikani atafika wapi. Asiye na jibu lolote, aliyekimbia kila mahali palipoanza kuwa pagumu, huyo anatangatanga, na anahitaji kusaidiwa kutulia. Kipimo hiki kinaangalia mzigo, siyo idadi ya kazi. Kuna aliyebadili mara nyingi akaongezeka kila mara, na kuna aliyekaa kiti kimoja miaka thelathini bila kuongeza neno.

7. Mapendekezo

(a) Shuleni, pamoja na swali la "unataka kuwa nani?", tumwulize mwanafunzi "unaweza kufanya nini sasa, na ulijifunzia wapi?" Aandike majibu katika daftari lake, ayapitie kila muhula. Kazi za dukani, shambani, jikoni na kwaya ziandikwe humo.

(b) Tuwaeleze wazazi kwamba milango imeongezeka. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65, na mkondo wa amali umeanza katika elimu ya sekondari. Mzazi anayejua tahasusi chache za zamani tu atamfungia mwanawe mahali ambapo nchi imefungua.

(c) Tuwaelekeze wenye ujuzi bila vyeti kwenye utaratibu wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunza kazini hupimwa na kupewa cheti. Na wanaotaka kusoma huku wakifanya kazi wakumbushwe kuwapo kwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

(d) Tuwafundishe vijana kueleza safari yao. Kwenye usaili, aliyefundisha miaka mitatu kisha akaomba kazi ya mauzo asiombe radhi. Aseme: nimezoea kumweleza mtu jambo gumu hadi alielewe, na kujua kwa macho yake kama ameelewa.

(e) Waajiri mliopo hapa, msimpite mwombaji kwa sababu tu wasifu wake haujanyooka. Mwulizeni alichobeba, kisha mpimeni kwa kazi.

8. Hitimisho

Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Kijana anayeanza kazi leo na miaka 23 ana miaka 37 ya kufanya kazi mbele yake. Hakuna mwalimu, mzazi wala wizara inayojua soko la ajira litakuwaje muda wote huo. Kumwandaa kwa njia moja tu ni kumwandaa kwa dunia ambayo hatuwezi kumwahidi. Tumwandae ajue anachoweza, akithamini, na aweze kukihamishia mahali pengine siku atakapolazimika au atakapotaka. Naomba semina hii ipitishe pendekezo (a) lianze kutekelezwa katika shule zetu muhula ujao, kwa sababu halihitaji bajeti, linahitaji daftari na mwalimu anayeuliza.